Safari Haikumfunza Odysseus

Katika warsha za uandishi wa filamu mchoro ni uleule. Mwezeshaji anachora duara ubaoni, anaweka mshale, kisha anaanza kulizunguka: shujaa yuko kwao, anaitwa, anasita, anavuka mpaka wa dunia anayoijua, anapambana na mazimwi, anazama kwenye giza totoro, anapata hazina, anarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Mfano wa kwanza huwa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Wa pili, ili mchoro upate heshima ya umri, ni Odysseus wa Homer. Siku hizi duara hilo limehamia hata kwenye vitabu vya kujiendeleza na hotuba za kuwapa moyo wafanyabiashara, na humo pia Mgiriki huyo anaitwa athibitishe kwamba taabu ni shule, kwamba atembeaye hurudi amekomaa. Anatajwa sana. Anahojiwa mara chache.

Asili ya duara ni kitabu cha mwaka 1949, The Hero with a Thousand Faces, cha Mmarekani Joseph Campbell. Yeye alizigawa hatua 17 katika mafungu matatu: kuondoka, kufundwa, kurejea. George Lucas amekiri hadharani deni lake kwa kitabu hicho, na mwaka 1985 Christopher Vogler, akifanya kazi Disney, alikifupisha kuwa waraka wa kurasa chache ambao baadaye ulikua kitabu chenye hatua 12. Campbell hakuwa mvivu. Alisoma ngano za mabara yote, na kwa mwandishi aliyekwama katikati ya muswada wa filamu duara lake ni kamba ya kushika. Lawama haiko hapo. Lawama iko kwenye dai kwamba duara limechimbuliwa kwa wahenga wa Ugiriki na Roma, kana kwamba tenzi zao ndizo zilizolizaa.

Tenzi hizo zipo, zinasomeka, na dai linaweza kupimwa mstari kwa mstari. Anayezifungua anakutana na safari yenye kazi nyingine kabisa. Haimjengi shujaa. Inawamaliza waliofuatana naye, na deni lake linabisha hodi kwa waliobaki nyumbani.

Hesabu kwanza. Odyssey ina vitabu 24 na mistari zaidi ya 12,000. Zimwi la jicho moja Polyphemus, Sirens na nyimbo zao, Scylla mwenye vichwa sita, ziara ya kuzimu, yote ambayo watu wanayakumbuka wakitaja safari ya Odysseus, yamebanwa ndani ya vitabu vinne tu, cha 9 hadi cha 12. Tena hayasimuliwi na mtunzi. Anayasimulia Odysseus mwenyewe, baada ya chakula cha jioni katika kasri la mfalme Alcinous, mbele ya wenyeji anaowategemea wampe chombo cha kumfikisha kwao. Mtu huyuhuyu, akishafika, anatunga hadithi tano tofauti za uongo kuhusu alikotoka, na mmoja wa wanaodanganywa ni mungu Athena.

Halafu miaka. Vita vilikula kumi, kurudi kukala kumi. Katika hiyo kumi ya pili, saba alikaa kisiwani kwa mungu wa kike Calypso na mmoja kwa mchawi Circe. Miaka minane kati ya kumi msafiri mashuhuri kuliko wote duniani alikuwa ametia nanga. Kitabu cha 5 kinapomwonyesha kwa mara ya kwanza ameketi ufukweni analia, akiitazama bahari asiyo na chombo cha kuivuka. Mwanzoni mwa kitabu cha 13 mabaharia wa Alcinous wanamshusha Ithaca akiwa amelala fofofo, na kuanzia hapo hadi mwisho, nusu nzima ya utenzi, yuko kisiwani kwao. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: Homer anamfikisha mtu wake ngamani mapema, kisha anakaa naye humo kwa vitabu kumi na viwili. Mtunzi ambaye moyo wake uko safarini hagawi kazi yake hivyo.

Watetezi wa duara watasema wingi wa mistari si hoja, hoja ni mabadiliko. Odysseus, wanasema, aliondoka Troy na majivuno ya mshindi. Ndiyo maana alipoponyoka pangoni kwa Polyphemus alishindwa kujizuia. Akapaza sauti kutoka merikebuni akataja jina lake, la baba yake na la kisiwa chake, akalipa zimwi anwani kamili ya kupelekea laana. Miaka baadaye anaingia nyumbani kwake mwenyewe na matambara ya ombaomba, anarushiwa kigoda, kinampiga begani, naye ananyamaza kimya. Amefundwa subira. Hiyo ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote, na wanafunzi wengi wameiandika kwenye mitihani wakapata alama.

Inaanguka kitabu cha 4. Humo Helen, ameshatulia Sparta na mumewe Menelaus, anawasimulia wageni jinsi Odysseus alivyojichapa mwenyewe mpaka mwili ukaharibika, akajitupia matambara mabegani kama mtumwa, akaingia Troy kupeleleza, asitambuliwe na mtu ila yeye Helen. Menelaus anaongeza chake. Usiku wa farasi wa mbao, Helen aliuzunguka mtego ule mara tatu akiwaita wanaume waliojificha ndani, kila mmoja kwa sauti ya mke wake. Anticlus alifunua kinywa ili aitike. Odysseus akamziba kwa viganja vyake viwili, akamkandamiza hivyo hivyo mpaka Helen alipoondoka. Basi matambara alishayavaa, kipigo alishakivumilia, ukimya alishauweza, na wakati huo hajapanda hata merikebu ya kurudi. Ithaca anarudia kazi aliyoifanya Troy, kwa sare ileile.

Na mwishoni? Kitabu cha 24, waposaji wa mkewe Penelope wameshauawa, hatari ndani ya nyumba imekwisha, Odysseus anakwenda shambani kumtafuta baba yake. Anamkuta mzee Laertes peke yake kwenye mizabibu, anapalilia mche, kanzu chafu yenye viraka, ngozi zilizoshonwa miguuni asichanwe na miti, glavu kwa ajili ya miiba, kofia ya ngozi ya mbuzi. Mwana anasimama chini ya mpea, machozi yanamtoka, anawaza: amkumbatie au amjaribu? Anaamua kumjaribu. Anajiita mgeni kutoka Alybas, anadai alimkaribisha Odysseus miaka mitano iliyopita. Mzee anachota vumbi kwa mikono yote miwili na kujimwagia kwenye mvi zake, akigugumia. Hapo ndipo mwana anajitaja. Hakukuwa na adui wa kumficha jambo, wala faida ya kuvuna. Baada ya bahari zote zile, aliyerudi ni yuleyule ambaye ulimi wake hauwezi kupita penye ukweli bila kukata kona.

Waliobadilika ni nani, basi? Wengi wao wamekufa.

Odysseus alikwenda Troy na merikebu 12. Kituo cha kwanza cha kurudi kilikuwa uvamizi wa mji wa Ismarus: wanaume wakauawa, wanawake na mali wakagawanywa, kisha watu wa huko wakarudi na nguvu mpya wakaua sita kutoka kila merikebu, yaani 72. Polyphemus alikula sita. Scylla alinyakua sita. Lakini maangamizi makubwa yalikuwa bandarini kwa Laestrygonians, majitu yala-watu, na hapo kuna jambo dogo la kutazamwa kwa karibu. Merikebu 11 ziliingia ndani ya ghuba iliyozungukwa na majabali, zikafungwa bega kwa bega. Odysseus peke yake alikifunga chombo chake nje, kwenye mwamba wa mlangoni. Haelezi kwa nini. Mawe yalipoanza kushuka kutoka juu na watu kuchomwa kama samaki, alikata kamba kwa upanga na kuwahimiza wapiga makasia wake. Kimoja kikatoka.

Ubeti wa kwanza wa utenzi unawalaumu wafu: waliangamia kwa upumbavu wao, eti kwa kula ng'ombe wa mungu Jua. Ng'ombe hao waliliwa na wafanyakazi wa merikebu moja. Wale wa merikebu 11 hawakuwahi hata kuwaona. Homer, au yeyote tunayemwita hivyo, hakuwa mtu wa kusahau hesabu kirahisi, na amewaachia watu nafasi ya kushtaki ndani ya utenzi wenyewe. Eurylochus, shemeji wa Odysseus, anawakumbusha wenzake kwamba waliobaki pangoni kwa Polyphemus walikufa kwa ujeuri wa kiongozi wao. Odysseus anakaribia kumkata kichwa. Na siku ya mwisho, mbele ya mkutano wa Ithaca, anasimama Eupeithes, ambaye mwanawe Antinous ndiye mposaji wa kwanza kuuawa. Hoja yake ni fupi. Mtu huyu alichukua merikebu na vijana wetu wengi. Merikebu amezipoteza, vijana amewapoteza. Amerudi, na ameua walio bora kati ya waliobaki. Hakuna anayemjibu kwa hesabu tofauti. Anajibiwa na mkuki wa Laertes.

Waposaji walikuwa 108. Telemachus, mwana wa Odysseus, anawahesabu kisiwa kwa kisiwa katika kitabu cha 16. Mtu anaweza kusema waliyataka wenyewe. Wajakazi 12 je? Hawa ni watumwa wa nyumba ile, waliolala na waposaji, na utenzi haujishughulishi kuuliza kama walikuwa na uwezo wa kukataa. Wanaamriwa kubeba maiti hadi uani, kisha kuosha meza na viti kwa maji na sponji huku Telemachus na wachungaji wakiikwangua sakafu kwa sepetu. Kazi ikiisha, wanasukumwa nje penye uwanja mwembamba. Odysseus alitaka wakatwe kwa panga; Telemachus anaona hicho ni kifo cha heshima mno, anavuta kamba ya merikebu kutoka nguzo hadi kibanda cha mviringo, anawaning'iniza kwa safu kama ndege mtegoni. Miguu ilitikisika kidogo, mtunzi anasema, haikuwa muda mrefu. Kwenye duara la ubaoni hakuna mahali pa kuwaandika wanawake hawa. Hatua ya kurejea na hazina imejaa.

Neno lenyewe linapotosha pia. Msomaji wa leo akisoma shujaa anafikiri mtu wa kuigwa. Neno la Kigiriki, heros, Homer analitumia hata kwa mwimbaji kipofu Demodocus, na katika dini ya Wagiriki wa baadaye lilimaanisha mfu mwenye nguvu, anayetolewa sadaka kaburini kwa sababu anaogopwa. Pausanias, aliyezunguka Ugiriki karne ya 2 baada ya Kristo akiandika alichokiona na kusikia, anamtaja Cleomedes wa Astypalaea, bondia aliyemuua mpinzani wake Olympia akanyimwa ushindi. Akarukwa na akili, akarudi kwao, akaiangusha nguzo ya shule iliyokuwa na watoto wapatao 60. Walipomfukuza alijificha ndani ya sanduku hekaluni kwa Athena. Lilipovunjwa lilikuwa tupu. Wakatuma watu Delphi kuuliza. Wakaambiwa wamtolee sadaka, maana ni heros. Bondia huyo hakufundwa chochote na hakurudi na chochote, na bado aliitwa hivyo.

Kuhusu Iliad, wenye duara kwa kawaida hupita haraka, na mtu anaelewa kwa nini. Mistari zaidi ya 15,000, na mtu wake mkuu anaitumia sehemu kubwa ameketi kibandani kwake amesusa. Achilles haondoki, harudi. Farasi wa mbao hamo. Safari pekee ya maana ni ya kitabu cha mwisho, nayo ni ya mzee.

Priam, mfalme wa Troy, anavuka usiku uwanda ulio kati ya mji wake na kambi ya maadui ili akaikomboe maiti ya mwanawe Hector. Gari la nyumbu liko mbele, limepakiwa fidia: nguo za kila aina kumi na mbili kumi na mbili, dhahabu, masufuria, kikombe cha Thrace alichokuwa akikipenda. Linaendeshwa na Idaeus, mzee mwenzake. Kabla ya kutoka aliwatukana wanawe waliobaki kwa kuchelewa kufunga gari. Mtoni wanasimama kunywesha wanyama. Kijana anatokea gizani, nywele za mzee zinasimama, na kumbe ni mungu Hermes. Ndani ya kibanda cha Achilles Priam anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua watoto wake. Wanalia wote wawili, kila mmoja wake. Kisha wanakula. Asubuhi maiti iko nyumbani, na utenzi unaishia kwenye mazishi. Safari ya usiku mmoja, ya mtu asiye na ujana wa kukomaa wala ufalme wa kuushinda, anayejua kwamba vita vitarejea baada ya siku 11 za maombolezo alizopewa. Kama kuna kilele cha safari katika tenzi za Wagiriki, kiko hapo.

Warumi waliongeza uchungu. Aeneas wa Virgil hana hata pa kurudi: kwao kunaungua. Anatoka Troy na baba yake Anchises mabegani, mwanawe mkononi, na mke wake Creusa anafuata nyuma kwa mbali kidogo. Anapogeuka kumtazama, hayupo tena. Malkia Dido anajiua Carthage. Mshika usukani Palinurus anaanguka baharini usiku. Mlolongo ni uleule wa Homer, ila Virgil anaweka katikati kitabu kimoja ambacho kingetosha kulifuta duara lote ubaoni.

Ni kitabu cha 5, kiangazi cha saba tangu Troy ianguke. Wanaume wako kwenye michezo ya kumkumbuka Anchises huko Sicily: mbio, ndondi, mishale. Wanawake wamekaa kando ufukweni, wanaitazama bahari na kulia, kinywani mwao lalamiko moja, kwamba bado yako maji mengi kiasi hicho, nao wanataka mji. Kisha wanachukua moto na kuziwasha merikebu. Wafafanuzi hukimbilia kusema walichochewa na Iris aliyetumwa na mungu Juno. Kweli, lakini machozi yalikuwapo kabla hajashuka. Mvua ya Jupiter inaokoa vyombo vyote isipokuwa vinne, na mzee Nautes anatoa ushauri wa busara: waliochoka waachwe. Wanajengewa mji, Acesta. Wazee, wanawake waliochoshwa na bahari na wote wasiotamani sifa wanabaki humo. Virgil hawacheki. Lakini hotuba za siku hizi zinazomsifu Aeneas kwa kusonga mbele hazina habari na Acesta.

Naye Aeneas alijifunza nini? Kuzimu, kitabu cha 6, baba yake alimpa somo lililo wazi kabisa kuhusu kazi ya Mrumi: awahurumie walionyenyekea, awaangushe wenye kiburi. Kitabu cha 12 adui yake Turnus yuko chini, paja limechomwa, mkono ameunyoosha, anakiri kushindwa na kumwombea baba yake mzee. Aeneas anasita. Anaona ukanda wa kijana Pallas, aliyeuawa na Turnus, begani kwa adui huyo, hasira inampanda, anazamisha upanga kifuani. Utenzi unakatika hapo hapo, roho ya Turnus ikikimbilia vivulini kwa manung'uniko. Hakuna harusi wala mji uliojengwa. Virgil alikufa mwaka 19 kabla ya Kristo bila kuumaliza usahihishaji wake, na habari za kale zinasema alitaka uchomwe moto, Augustus akakataa.

Jason hana haja ya ukurasa. Katika Argonautica ya Apollonius, iliyotungwa karne ya 3 kabla ya Kristo, mabaharia wanapotakiwa kuchagua kiongozi wanamtazama Heracles. Kazi ngumu Colchis zinamalizwa na dawa za Medea. Na Jason mara kwa mara anaelezwa kuwa mtu asiyejua la kufanya. Naye mshairi wa Kirumi Lucan, aliyelazimishwa na Nero kujiua akiwa na miaka 25, anawatembeza askari wa Cato jangwani Libya ili wang'atwe na nyoka mmoja mmoja, kila mmoja kwa namna yake ya kufa.

Ni haki kusema kwamba usomaji wa Odysseus kama mwanafunzi wa taabu haukuanza na Campbell. Horace, katika barua kwa kijana mmoja, alimtaja kuwa mfano wa kile ambacho ushupavu na hekima vinaweza kufanya. Lakini kabla ya Horace kulikuwa na Plato. Mwishoni mwa Republic roho zinachagua maisha ya kuzaliwa upya, na kura ya Odysseus inatoka ya mwisho kabisa. Anakumbuka taabu zake. Anatafuta muda mrefu maisha ya mtu wa kawaida anayejishughulisha na mambo yake, anayapata yametupwa pembeni, hakuna aliyeyataka. Anayachukua kwa furaha, akisema hata angekuwa wa kwanza angechagua hayohayo. Sifa aliiacha palepale.

Homer mwenyewe hakumpa pumziko hilo. Kuzimu nabii Tiresias alimwambia kwamba baada ya waposaji kuna safari nyingine: abebe kasia begani, atembee bara mpaka afike kwa watu wasioijua bahari wala chumvi chakulani, na msafiri atakayekutana naye atadhani kasia ni sepetu la kupepetea ngano. Hapo ndipo alichomeke ardhini na kumchinjia Poseidon kondoo dume, fahali na nguruwe. Usiku wa kwanza nyumbani, baada ya miaka 20, kabla hawajaingia kitandani, Odysseus anamwambia Penelope kwamba bado. Penelope anataka kujua ni nini, sasa hivi, maana atakijua tu. Anaambiwa yote. Anajibu kwamba kama miungu itawapa uzee mwema, basi lipo tumaini la kuvuka. Wakati huo kitanda kimeshatandikwa, na mjakazi Eurynome, ambaye siku ileile wenzake 12 wametundikwa kwenye kamba ya merikebu, anakuja na mwenge mkononi kuwatangulia chumbani.